Mkate wa Jana

Tulikuja na daftari, mimi na Ramute,
maswali thelathini na nane, kila moja na kisanduku cha tiki:
paa lina miaka mingapi, kisima au bomba,
hospitali iko umbali gani usiku wa mvua,
hati ina majina ya wafu wangapi.
Miaka thelathini na mmoja nimeendesha kreni bandarini Klaipeda.
Sinyanyui kitu nisichojua uzito wake.

Nyumba ya kwanza ilitazama bahari, nje kidogo ya Luarca.
Chokaa mpya ukutani, mpya mno.
Nikapeleka mkono nyuma ya kabati, kidole kikarudi na ukungu.
"Ni unyevu wa msimu tu," akasema Nel, dalali wetu,
kijana wa viatu vyeupe.
"Na msimu wenyewe," Ramute akauliza, "huisha lini?"
Nel akacheka. Hilo ndilo jibu la kweli tulilopata siku ile.

Ya pili, Oviedo, ghorofa ya nne:
lifti, zahanati ng'ambo ya barabara, duka la dawa chini.
Nilitia tiki mpaka wino ukakwaruza,
nikasimama sebuleni nikizihesabu
kama mtu anayehesabu chenji ya mtu mwingine.
Ramute alikuwa jikoni, ameyaacha maji yatiririke bure.
"Nimemsalimia mama mmoja kwenye lifti," akasema.
"Alitazama namba za ghorofa mpaka zikaisha."

Usiku ule tuligombana kwa kunong'ona,
ingawa hotelini hapakuwa na mwingine ajuaye Kilithuania.
Nikasema: mwanetu yuko Bergen, hatakuja kutupandisha ngazi.
Akasema: wewe unatafuta mahali pa kuugulia;
mimi natafuta pa kuishi
mpaka hapo nitakapougua.
Akavuta blanketi lote upande wake.

Ya tatu tuliiendea kwa kumwonea haya Nel.
Kijiji cha milango kumi na mitatu, kona juu ya kona.
Nikaanza kazi yangu: paa limebonyea,
ghala la mahindi juu ya miguu minne ya mawe, mmoja umepinda,
jua laingia saa tano, laaga saa nane
kama mgeni aliyeacha gari likinguruma.

Ndipo likapita gari la mkate.
Muuzaji hapigi honi. Hutundika mkate kitasani,
ndani ya mfuko wa kitambaa, mlango hadi mlango.
Kwenye mlango wa buluu
alikuta mfuko wa jana ungali unaning'inia.
Hakutundika wa pili.
Alizima injini.

Sijui nani alimwambia nani.
Bibi mmoja, Etelvina, alitoka na unga viganjani;
mwanamume akaja na buti moja tu mguuni;
msichana, simu sikioni, akitaja jina la daktari.
"Celso! Celso!"
Etelvina akavuta uzi shingoni mwake, akatoa ufunguo
wa nyumba isiyo yake.

Celso alikuwa hai. Homa, alisema, na uvivu kidogo,
na aibu ya kukutwa na wageni hajanyoa.
Wakamtukana vizuri, kama watukanavyo watu walioogopa.
Mmoja akawasha moto. Mwingine akauvunjia mchuzini
ule mkate wa jana, mgumu kama tofali.
Tukapewa vijiko. Hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi.

Nikafungua daftari chini ya meza.
Paa: baya. Jua: haba.
Hospitali: dakika arobaini na saba, na theluji ikianguka, Mungu ajua.
Nikatafuta kisanduku cha ufunguo shingoni.

Sikusema neno. Ni desturi ya kreni:
mzigo ukishaachana na ardhi, mtu haongei.
Ramute ndiye aliyeuliza bei,
na akaikata theluthi nzima, kwa sababu ya lile paa.

Leo tumetundikiwa mkate wetu wa kwanza.
Niliuondoa mlangoni saa moja kamili,
kabla mtu hajapata nafasi ya kuwa na wasiwasi.
Ramute anasema kesho
niuache mpaka saa nne, tuone.